Antivairasi ya kununua Unguja na Pemba: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, na ipi ya kuiepuka

Mwezi uliopita nilifuatana na mtoto wa dada yangu kwenda Darajani kutafuta laptopu ya chuo. Tulipita maduka manne. La tatu lilimpendeza zaidi: HP iliyotumika, imekuja kutoka Dubai, haina mkwaruzo na betri yake inakaa. Mtoto akamuuliza mwenye duka kama imeshawekewa mfumo wa Windows: "Ami, hii ishapigwa windo?"

"Ishapigwa, mwanangu. Na ofisi imo, na antivairasi yake imo, inakwenda mpaka 2050. Huna tena cha kununua."

Nikaiomba niishike kidogo. Nikafungua Windows Security, sehemu ya ulinzi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, nikashuka mpaka mahali palipoandikwa Exclusions, yaani orodha ya vitu ambavyo mlinzi ameambiwa asivikague. Orodha ilikuwa na mstari mmoja tu: C:\. Diski nzima. Ile antivairasi ya 2050 nayo ilikuwa ya kreki, yaani ya wizi, iliyovunjwa kufuli la leseni yake, haijapokea sasisho hata moja tangu iwekwe.

Tulimshukuru tukaondoka. Sikumwona kuwa ni mtu mbaya. Laptopu zinamfika zikiwa hivyo, au fundi anazipiga windo ya kreki kwa flashi moja siku nzima, na kile kiprogramu cha kuilazimisha windo ijione halali hakifanyi kazi mpaka mlinzi azimwe au afumbwe macho. Fundi anamfumba macho, anamaliza kazi, anachukua pesa yake, na hamfumbui tena. Kompyuta inakwenda Wete, inakwenda Makunduchi, inakaa miaka minne hivyo hivyo, na mwenyewe anaamini ina ulinzi.

Watu huniuliza, "Antivairasi ipi nzuri?" Zamani nilikuwa nikiwatajia jina la programu basi. Siku hizi nawauliza mambo matatu kwanza. Windo yako ni halali au ya kreki? Kompyuta yako inaingia mtandaoni kila siku, au mara moja kwa wiki ukipata bando? Na flashi za watu wangapi zinachomekwa humo? Majibu yake ndiyo yaliyopanga orodha iliyoko hapa chini, na ndiyo maana orodha hii haifanani na zile zinazoandikwa kwa ajili ya watu wa London, ambao mtandao kwao ni kama maji ya bomba.

Kabla ya antivairasi, angalia kompyuta

Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Tundu lililotumika lilikuwa limeshazibwa na Microsoft tangu Machi mwaka ule, miezi miwili kabla. Waliosasisha kompyuta zao walipita salama, hata wale ambao hawakuwa wamenunua antivairasi ya senti moja.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye kompyuta ambayo bado inapokea masasisho. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika 13 Oktoba 2026, wa bure ukikubali kuunganisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft, au wa dola 30. Baada ya hapo ni Windows 11, na Windows 11 ina masharti: prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au AMD ya rika hilo, pamoja na kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0.

Ukiwa dukani, kizazi unakisoma mwenyewe. Tazama namba baada ya kistari kwenye jina la prosesa. i5-7200U ni kizazi cha 7, haipokelewi. i5-8250U ni cha 8, inapokelewa. Ikiwa namba ni tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10. Kwa macho zinafanana kama pacha na bei zao hazipishani sana, lakini ya kizazi cha 7 unainunua ikiwa ishazeeka, na hakuna antivairasi itakayoifanya iwe kijana.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa laptopu za Dubai hawaambiwi, nami nalisema kwa kila anayenisikiliza. HP, Dell na Lenovo za maofisini zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 mara nyingi zina leseni halali imehifadhiwa ndani ya ubao wa kompyuta yenyewe. Ukiifuta diski na kupiga windo safi iliyopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft, toleo lile lile la Home au Pro lililokuja nalo, ikiingia tu mtandaoni inajihalalisha yenyewe, bila kreki na bila shilingi. Unahitaji flashi ya GB 8 na bando la zaidi ya GB 5. Ile kreki ambayo fundi alitumia kuwafungulia virusi mlango haikuhitajika tangu mwanzo.

1. Microsoft Defender: kwa kompyuta ya nyumbani inayoingia mtandaoni

Hii ndiyo ninayoiweka juu, na bei yake ni bure. Imo ndani ya Windows 10 na 11, hupakui wala hujisajili. Miaka kumi na tano nyuma mlinzi wa Microsoft alikuwa dhaifu na mafundi walikuwa na haki ya kumdharau. Mambo yamebadilika. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo huzipima antivairasi na kuzipa alama mpaka 18, imekuwa ikimpa Defender alama za juu sawa na za kulipia kwa miaka mingi sasa.

Lakini Defender ya Zanzibar ina maradhi yake. Ya kwanza ni hayo niliyoyaona Darajani: fungua orodha ya Exclusions, ukikuta kitu ambacho hukukiweka wewe, kiondoe. Ukikuta diski nzima, usihangaike kuisafisha, piga windo upya. Kompyuta iliyoishi bila mlinzi huwezi kujua nani keshaingia.

La pili ni bando. Wengi wetu tunatumia hotispoti ya simu, na ili kuokoa MB tunaiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Windows inatii: inaacha kupakua masasisho mengi. Miezi inapita. Suluhisho ni kuweka siku, mathalani Ijumaa usiku bando likiwa rahisi, ukaingia sehemu ya masasisho na kubonyeza mwenyewe. Kwa kompyuta isiyofika mtandaoni kabisa, Microsoft inatoa faili la maelezo mapya ya virusi linaloitwa mpam-fe.exe, linazidi MB 100. Unalipakua penye mtandao, unalibeba kwa flashi, unalibofya mara mbili kule. Mwalimu wa kompyuta skuli ya shamba anaweza kuhudumia mashine ishirini kwa upakuaji mmoja.

La tatu ni flashi. Defender huangalia faili unapolifungua, lakini ukiiamuru ikague kompyuta nzima, kwa kawaida flashi huiruka. Jizoeze kubofya kitufe cha kulia juu ya flashi na kuchagua kuikagua kabla hujafungua chochote. Na washa ulinzi wa makabrasha dhidi ya virusi vya kudai fidia. Umo mle mle ndani ya Windows Security ila huja ukiwa umezimwa. Utakusumbua siku mbili tatu kwa kuzuia programu mpaka uziruhusu, kisha unatulia.

Udhaifu wake wa kweli ni mmoja, nao unatuhusu sisi kuliko Wazungu. Defender hutegemea sana kuuliza makao makuu mtandaoni: "Faili hili mnalijua?" Ukikata mtandao, uwezo wake wa kutambua virusi unashuka, na vipimo vya AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck, Austria, vimelionesha hilo mara kadhaa. Kwa mtu wa Mlandege mwenye mtandao mchana kutwa si hoja. Kwa kompyuta ya skuli Micheweni inayopokea flashi arubaini kwa siku na mtandao mara moja kwa mwezi, ni hoja kubwa. Hapo ndipo namba mbili inapoingia.

2. Bitdefender au ESET za kulipia: kwa kompyuta ya watu wengi

Kama una steshenari, ofisi ndogo, chumba cha kompyuta cha skuli, au nyumba yenye watoto watano na laptopu moja, hapa lipa. Bitdefender ya Romania inashika vizuri hata mtandao ukiwa umekatika, kwa sababu maarifa mengi imeyabeba yenyewe ndani ya kompyuta. ESET ya Slovakia ni nyepesi, nami huichagua kwa mashine yenye RAM ya GB 4, na flashi ikichomekwa tu inauliza: niikague? Kwa kijana wa steshenari anayepokea wateja wanaosukumana mlangoni, swali hilo moja linaokoa mengi.

Bei sitazitaja kwa sababu zinabadilika kila msimu, ila jinsi zinavyobadilika nitaieleza. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili inapanda, wakati mwingine maradufu, na kama ulilipia kwa kadi itakatwa yenyewe. Tafuta bei ya kuongeza mkataba kabla hujalipa, na ukishalipa ingia kwenye akaunti yako uzime kulipia kwa kujirudia. Ukinunua boksi dukani, hakikisha kasha la namba halijakwanguliwa, soma ni kompyuta ngapi na miezi mingapi, kisha iwashe leseni pale pale dukani kwa hotispoti yako. Namba nyingine zimefungwa kwa eneo, yaani zimeuzwa zitumike nchi fulani tu, na utaligundua hilo ukiwa ushafika nyumbani Chake.

Toleo la chini kabisa linatosha. Zile za bei kubwa zinaongezewa VPN, kisafisha takataka, kikuza kasi. Huhitaji. Na mwenye biashara asinunue leseni ya nyumbani. Masharti yake hayaruhusu, na za biashara ndogo zipo.

3. Linux Mint: kwa mashine iliyokataliwa na Windows 11

Najua si antivairasi, lakini kwa mwenye laptopu ya kizazi cha 4 ambayo bado ni nzima, hili ndilo jibu la usalama lililo rahisi kuliko yote. Mint ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. RAM ya GB 2 inatosha kuanzia, GB 4 ni raha. LibreOffice iliyomo inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Virusi vya Windows vinavyoruka kutoka flashi hadi flashi haviwezi kufanya kazi humo, na makabrasha yaliyofichwa na virusi vya njia ya mkato (nitavieleza chini) unaweza kuyaona na kuyanakili. Mimi ninayo moja ya zamani kwa kazi hiyo tu: kila flashi inayotoka nje inapita humo kwanza, kama vile mgeni anavyopitishwa ukumbini kabla ya kuingia ndani.

Haiwafai wanaotegemea programu maalumu za Windows, kama za uhasibu. Wengine wajaribu, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kuigusa diski.

4. Malwarebytes ya bure: daktari wa pili

Toleo la bure halilindi muda wote. Siku 14 za majaribio zikiisha linabaki la kukagua unapoliamuru tu. Ni zuri kwa hilo: kompyuta imekuwa nzito, kivinjari kinafungua kurasa zake chenyewe, Defender inasema kila kitu shwari. Liweke, kagua, safisha, basi.

5. Za bure za wengine

Bitdefender nayo ina toleo la bure kwa Windows, na kati ya zote za bure ndiyo ningeichagua kwa mtu wa Pemba asiye na mtandao wa uhakika na asiye na pesa ya kulipia. Avast na AVG zinatambua virusi vizuri, ila zimejaa matangazo yao wenyewe. Tena kuna jambo la imani: Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuwa kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliuza habari za kurasa walizotembelea watumiaji. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020. Lakini mtu niliyemwajiri anilindie nyumba akawa anauza habari za wanaoingia na kutoka, siwezi kumrudisha kwa moyo mweupe.

6. Kaspersky

Maboksi yake yako kila duka, na kwa kutambua virusi ni ya daraja la juu kwa miaka mingi. Ila mwaka 2022 idara ya usalama wa mitandao ya Ujerumani iliwatahadharisha watu wasiitumie, na mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku kuiuza na kuisasisha nchini mwake, kwa sababu ni kampuni ya Urusi na antivairasi huona kila kitu ndani ya kompyuta. Kampuni ilikanusha kufanya ubaya. Huku kwetu hakuna katazo, na aliyekwisha kuinunua aimalize leseni yake kwa amani. Anayeanza upya, wa juu wake wapo.

Ya mwisho, na usiiguse: antivairasi ya kreki, na kreki kwa jumla

Jamaa yangu ana nyumba ya wageni Jambiani. Alitaka kuzing'arisha picha za vyumba, akapakua programu ya picha ya kreki. Maelekezo yalisema: zima antivairasi kwanza. Akazima. Jioni ile kila faili lilikuwa na herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake, na katika kila kabrasha kulikuwa na barua iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, ukilipa ndani ya saa 72 ni nusu, 490.

Ile ni aina inayojulikana kwa jina la STOP au Djvu, na njia yake kuu ya kuwafikia watu wa kawaida ni hiyo hiyo: kreki. Haivizii mabenki. Inamvizia mwanafunzi na mwenye biashara ndogo asiyetaka kununua leseni, kwa sababu aliyeitengeneza anajua mtu huyo atazima ulinzi kwa mkono wake mwenyewe. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure kwa aina 148 za virusi hivyo, lakini kwa aina mpya kinafanya kazi pale tu ambapo virusi havikuweza kufika mtandaoni wakati wa kuyafunga mafaili, na ufunguo uliotumika umeshapatikana. Ya jamaa yangu haikufunguka. Risiti, picha za harusi ya binti yake, orodha ya wageni wa tangu 2019, vyote bado vimo katika diski ile, na diski ile bado iko mtotoni mwa kabati. Ukifikwa na haya, usilipe kabla ya kuangalia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya antivairasi. Vifungulio vyake ni vya bure.

Kitu kimoja cha kulipia kabla ya antivairasi yoyote

Diski ya nje. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hiyo, uache antivairasi ya kulipia mpaka mwakani. Nakili mafaili yako kila wiki, kisha ichomoe. Diski inayokaa imechomekwa inafungwa pamoja na kompyuta, halafu unakuwa na makaburi mawili. Ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vile vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na viunganishi vya chuma.

Jihadhari na flashi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya sahani mbili za biriani. Zimefanyiwa ujanja zijitangaze hivyo, ndani ni GB chache tu. Ukishapita hapo zinaandika juu ya mafaili yako ya zamani bila kukuambia. Programu ndogo ya bure iitwayo H2testw inaijaza flashi na kuisoma tena, itakuonesha uwezo wake wa kweli. Ifanye siku ile ile ya kununua, wakati mwenye duka bado anakukumbuka sura.

Mwenendo ambao antivairasi haiwezi kukufanyia

Steshenari ndiyo bandari yetu ya virusi. Mtoto wa dada yangu mwaka juzi alikwenda kuchapisha kazi yake ya mradi, akarudi na makabrasha yote yamegeuka njia za mkato. Mafaili hayakuwa yamepotea. Virusi vile huyaficha ya kweli na kuweka vivuli vyake, ukibofya kivuli unaviingiza kwenye kompyuta yako. Ukikuta hivyo usibofye. Safisha flashi kwa antivairasi, kisha fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako pahala pa E, na mafaili yanarudi.

Ili yasikufike: usipeleke flashi yenye maisha yako yote. Peleka faili moja, la PDF. Nzuri zaidi ni kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya adapta yake ya SD, ile yenye kitufe pembeni. Ukikisogeza kwenye alama ya kufunga, kompyuta nyingi zinaweza kusoma tu, haziandiki kitu. Adapta hizo huja bure na kadi na watu wanazitupa.

Wengine hufungua WhatsApp yao kwenye kompyuta ya steshenari ili wapakue faili, kisha wanachukua karatasi zao na kwenda zao. WhatsApp inabaki wazi, na kijana wa duka na kila anayekuja baadaye anaweza kusoma mazungumzo yao na mume, na daktari, na benki. Fungua sasa hivi simu yako, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokijua. Siku nyingine mtumie faili mwenye steshenari kwenye namba ya duka.

Tangu 2024 kuna hila moja ambayo kwangu ndiyo ya hatari kuliko zote kwa sasa. Ukurasa unakwambia uthibitishe kuwa wewe ni mtu na si roboti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Bila wewe kujua, ukurasa umeshakuwekea amri ya siri, na unaibandika na kuitekeleza wewe mwenyewe. Antivairasi inaona mwenye nyumba anafungua mlango wake, mara nyingi inanyamaza. Kinachoingia ni wezi wa maneno ya siri. Machi 2025 Microsoft ilieleza jinsi matapeli wanaojifanya Booking.com walivyowaandikia wafanyakazi wa hoteli, wakilalamika kwa niaba ya mgeni, na kiungo kinampeleka mtu kwenye mtego huo huo. Ndugu zangu wa mapokezi Nungwi, Paje na Kiwengwa, hii imetengenezwa kwa ajili ya kazi yenu hasa. Hakuna ukurasa wa kweli duniani utakaokutaka ubonyeze Windows na R ili kuthibitisha ubinadamu wako. Malalamiko ya mgeni yasomeni kwa kuingia wenyewe kwenye akaunti ya hoteli, msipitie kiungo cha barua.

Na zile tangazo za pembeni, "Kompyuta yako ina virusi 5", zenye nembo ya antivairasi maarufu? Mara nyingi hazitoki kwenye antivairasi hata kidogo. Siku moja ulibonyeza ruhusa kwenye tovuti ya mpira au ya filamu, nayo sasa inakutumia arifa. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, futa tovuti usizozijua. Weka na Firefox pamoja na kiendelezi cha uBlock Origin: kinaondoa vile vitufe vya uongo vya kupakulia, na bando linadumu zaidi.

Kuijaribu kabla hujaiamini

Laptopu tuliipata duka la nne. Kizazi cha 8, Pro, haina mapambo. Tukaifuta, tukapiga windo safi kwa flashi ya Microsoft, ikajihalalisha yenyewe dakika chache baada ya kuingia mtandaoni. Orodha ya Exclusions ilikuwa tupu. Kisha tukafanya jaribio ambalo kila mnunuzi anaweza kulifanya akiwa bado amesimama dukani: kuna faili la majaribio linaloitwa EICAR, herufi 68 tu, halina madhara yoyote, na antivairasi karibu zote zimekubaliana kulipigia kelele kana kwamba ni virusi. Linapatikana kwenye tovuti ya eicar.org. Ukilipakua na kompyuta ikanyamaza, rudisha kompyuta au rudi kwenye orodha ile ya Exclusions. Ile ya mtoto wa dada yangu ilipiga kelele kabla faili halijamaliza kushuka.